Umemwadhinia Mwanao: Je, Amesikia?

Ndugu Muislamu,

Mtoto azaliwapo katika nyumba zetu za pwani, jambo la mwanzo tumfanyialo ni kumwadhinia katika sikio la kulia na kumkimia katika sikio la kushoto. Baba huinama, au babu, au shekhe wa mtaa, akalitaja jina la Mwenyezi Mungu karibu na kichwa kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Twataka neno la kwanza limfikialo liwe ni neno la Tauhidi. Hii ni ada njema, wala hatuna la kuitia kombo.

Lakini leo nataka nikuulize suali ambalo huenda hujapata kuulizwa. Yule mtoto alisikia? Na kama hakusikia, wewe ulijua lini? Alipokuwa na mwezi mmoja? Alipokuwa na mwaka? Au hukujua mpaka siku alipopelekwa chuoni, akaketi juu ya jamvi, mwalimu akamsomesha alifu na bee, naye akamkodolea macho?

Suali hili halikunijia bure. Mimi nimesomesha chuoni miaka mingi, na nitakayoyasema hapa si ya kunipa sifa. Aliletwa kwangu mtoto wa kiume wa miaka 7. Babake aliniambia, "Mwalimu, huyu ni mtundu, hataki kusikia la mtu. Nimekukabidhi, mtie adabu." Nikimwita haitiki. Nikimwambia soma, hutazama midomo ya wenzake, naye akaichezesha yake bila ya herufi hata moja kutoka. Nikaona ni ujeuri, nikampiga. Wala sikumpiga siku moja. Nilimpiga siku nyingi, na kosa lake lilikuwa ni kutosikia.

Siku moja sinia la shaba likaanguka ukumbini. Watoto wote waliruka wakageuka. Yeye peke yake aliendelea kuchora kwa kidole mchangani. Bakora ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

Jioni ile nilikwenda kwao. Mamake akaniambia nyuma ya pazia, "Mwalimu, mimi nalijua tangu ana miezi minane. Nalikuwa nikigonga kifuniko cha sufuria nyuma yake, hageuki. Nikasema. Nikaambiwa namtabiria mwanangu shari, ninyamaze." Nikamuuliza, "Huyu mtoto ajua jina lake?" Alinyamaza kwa muda, kisha akajibu, "La."

Basi fikiri, ndugu yangu. Mtoto ana miaka 7, ana baba na mama, ana nyanya na mashangazi, amefanyiwa akika, amenyolewa, amepewa jina zuri katika majina ya Mitume, na yeye mwenyewe hajui kwamba ana jina. Hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

UZIWI SI MSIBA MKUBWA KULIKO YOTE

Watu wengi wakiona kiziwi husema: maskini, hasikii. Mimi nasema kuna msiba mkubwa kuliko kutosikia, nao ni kukosa lugha. Haya ni mambo mawili, si moja, na kuyachanganya ndiko kulikowaharibu watoto wetu. Uziwi aghalabu hutokana na maumbile au maradhi. Ukosefu wa lugha hutokana na sisi.

Ukitaka dalili, itazame tarikhi ya madhehebu yetu. Sisi wa pwani tulio wengi ni Mashafii. Katika waliotupokelea elimu ya Imamu Shafii (R.A.) alikuwako mwanachuoni wa Nisabur, Abul Abbas Muhammad bin Yaaqub, aliyezaliwa mwaka 247 H. akafa mwaka 346 H. Alisafiri akiwa kijana, akasikiliza vitabu vya Imamu kutoka kwa mwanafunzi wake Imamu, Rabii bin Suleiman. Aliporudi kwao masikio yakamwacha, ikawa hasikii hata mlio wa punda. Jina lake vitabuni hata leo ni al-Asamm, yaani Kiziwi. Je, alifungiwa chumba cha uani? La. Watu waliendelea kumwendea kutoka pande zote za dunia ya Kiislamu kuchukua hadithi kwake, na Musnad ya Imamu Shafii imetufikia kwa njia yake. Wenye tarikhi wamepokea hata kwamba alikuwa akiadhini katika msikiti wake kwa muda wa miaka 70. Kiziwi akiwaita watu kwenye sala!

Utaniambia: huyo alipata uziwi akiwa ameshajua kusema na kusoma. Ndiyo, nami hapo ndipo nilipotaka ufike. Yeye masikio yalipofunga, lugha ilikuwa imeshaingia ndani, na kwa lugha ile alifikiri, alisoma, akafundisha. Mwanao aliyezaliwa haisikii hana kitu alichotangulia kuweka. Asipopewa lugha mapema, kwa sikio au kwa jicho, atabaki mtupu. Hutaweza kumweleza Mungu ni nani. Hutaweza kumwambia kwa nini nyanya yake amefunikwa sanda na hatarudi. Na mtu mwovu akimdhuru, hataweza kukwambia ni nani na wapi. Waovu walijua hilo kabla yako na kabla yangu, na ndiyo sababu huwawinda watoto kama hawa.

AKILI HAINGOJI

Katika Suratun Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu atukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hatujui chochote, akatupa kusikia, na kuona, na nyoyo, ili tushukuru. Kusikia kumetajwa mwanzo. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na siku azaliwapo huwa ameshaizoea sauti ya mamake. Tangu hapo ubongo wake hufanya kazi usiku na mchana kuikusanya lugha. Kazi hiyo ina wakati wake, na wakati wenyewe ni miaka ya mwanzo. Njia za ubongo zisizopitiwa na lugha katika miaka hiyo hudhoofika. Wazee wetu walisema: udongo uwahi ungali maji.

Kwa ajili hii wataalamu wa masikio waliweka kipimo chepesi kukumbuka: moja, tatu, sita. Mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1. Akionekana na dalili, uhakika upatikane kabla ya miezi 3. Na akithibitika kuwa hasikii sawasawa, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Ndugu yangu, ni miezi 6, si miaka 6!

Na wala hawakusema kwa kukisia. Mwaka 1998, huko Colorado, Marekani, bibi mmoja mtaalamu, Christine Yoshinaga-Itano, na wenzake walieleza habari za watoto 150 wenye uziwi. Watoto 72 walitambuliwa kabla ya miezi 6, na 78 walitambuliwa baada yake. Wale waliowahiwa, na ambao akili zao hazikuwa na kasoro nyingine, walikuwa na lugha bora waziwazi kuliko wenzao. Haikuwa sababu ya utajiri wa wazazi wala uchache wa uziwi, na haikuwa tofauti kwa waliotumia mdomo na waliotumia mikono. Tofauti ililetwa na kuwahi.

Kumpima mtoto mchanga hakuna maumivu. Hutiwa kijiti laini sikioni akiwa amelala, chombo kikatoa sauti ndogo, na sikio zima hurudisha mwangwi mdogo unaoandikwa na chombo hicho. Ni kazi ya dakika chache. Kweli, si kila hospitali yetu ina chombo hiki. Lakini nakuuliza: umepata kukiulizia? Twaulizia bei ya dhahabu duka kwa duka mpaka viatu vikaisha nyayo. Suali moja kwa daktari latushinda?

NYUDHURU ZETU, NA MAJAWABU YAKE

Wako wasemao: "Mwache, atasema tu. Hata babake alichelewa." Huu ndio udhuru ulioharibu watoto wengi zaidi kuliko wote, kwa kuwa unapendeza kusikilizwa. Jua kwamba mtoto kiziwi hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa sauti za "aa" na "guu" kama mwingine. Hizo ndizo zinazowahadaa watu. Baadaye, wakati mwenzake anapoanza "baba-baba" na "dada-dada", yeye huchelewa au sauti zake hupungua. Basi tazama. Mtoto wa miezi 6 hugeukia sauti. Wa miezi 9 huitika jina lake. Wa mwaka mmoja huwa na neno moja au mawili. Wa miaka miwili huunga maneno, "mama maji", "baba kenda". Asipofanya, usingoje. Akipimwa akaonekana mzima, umepoteza asubuhi moja. Asipopimwa naye ni kiziwi, umempotezea umri.

Wako wasemao: "Ana pepo," au "Amefungwa ulimi," au "Akatwe kimio." Kumsomea mtoto Kur'ani ni jema, nasi hatulikatazi. Tunalolikataza ni kumtembeza mtoto kwa waganga miaka mitatu, kombe kwa kombe na hirizi kwa hirizi, hali ya kuwa hajapelekwa hospitali hata siku moja. Kimio kiko kooni. Kinahusu nini na sikio? Ulimi wake u mzima. Hasemi kwa sababu hajasikia la kuiga. Na wale wanaotia sikioni mafuta ya moto na maji ya majani, wajue kwamba kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, dawa hiyo huingia ndani na kumaliza kidogo kilichobaki.

Wako wasemao, na hawa ndio wanaoniudhi zaidi kwa kuwa huivaa dini: "Hii ni kadari ya Mungu, tusubiri." Subira! Ni lini subira ikawa ni kukaa kitako? Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameweka na dawa yake, isipokuwa uzee. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Basi uziwi ni kadari, na daktari ni kadari, na mikono yako uliyopewa umfundishie mwanao ni kadari pia. Kwa nini waichagua ile moja isiyokutaka unyanyuke? Subira ya kweli ni ya yule mama akaaye na mtoto kila siku saa nzima, akamrudia neno moja mara mia, leo na kesho na kesho kutwa. Wewe uliyekaa barazani ukisema "tusubiri" hukusubiri. Umengoja tu.

Wako wanaonyamaza kwa aibu, na aibu hiyo wakamtwika mama. Ati kwao kuna dosari, ati alikula kitu, ati alitazama kitu mimba ikiwa changa. Hili ni dhulma. Uziwi mwingi wa kuzaliwa ni wa kurithi, na aina yake iliyo nyingi haidhihiri kwa mtoto mpaka arithi sehemu mbili, moja ya mama na moja ya baba, nao wazazi wote wawili wasikia vizuri. Kwa hivyo anayemnyooshea mkewe kidole na ajinyooshee na yeye. Na penye nyumba ambamo uziwi umejirudia, na watu wa nyumba hiyo wataka kuoana binamu kwa binamu, ndoa hiyo ni halali, hapana anayeiharimisha. Lakini kumuuliza daktari kabla ya kuposa ni busara, na kuwatayarishia watoto kipimo ni wajibu. Kuficha hakuponyi. Mficha maradhi kilio humfichua.

Wako wasemao: "Tukimfundisha lugha ya ishara hatasema kamwe." Hofu hii si yetu peke yetu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wengi wao wakiwa ni watu wanaosikia, wakapitisha kwamba ishara ziondolewe mashuleni. Vizazi vya viziwi vikateseka kwa uamuzi ule. Mwaka 2010, mkutano wa jina lile lile ulipokutana Vancouver, Kanada, ulitangaza majuto. Miaka 130 ya kujuta, basi sisi tuanze upya? Lugha ya ishara, ambayo Tanzania huitwa lugha ya alama, si mchezo wa vidole. Ni lugha yenye maneno na kanuni zake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa miongoni mwa lugha za Bunge. Mtoto mwenye kifaa cha kusikilizia naye aweza kuijua, kama mtoto wa Mombasa ajuavyo Kiswahili na Kiingereza bila ya kimoja kukiua kingine. Mimi sina ugomvi na njia. Mwenye kufaidika na kifaa apewe kifaa, na mwenye kuhitaji mikono apewe mikono, na mwenye kuhitaji vyote apewe vyote. Ugomvi wangu ni na wasiotoa chochote.

Na wako wasemao: "Hatuna pesa." Hawa nawahurumia, kwani ni kweli kifaa cha kusikilizia ni ghali, na betri zake huisha kwa wiki moja au mbili, na kile kipande cha kuvaa sikioni chataka kufanywa upya kila mtoto anapokua. Na hewa yetu ya bahari yenye unyevu huviharibu vifaa hivi, hata vikataka kuwekwa usiku katika mkebe mkavu. Tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwapasua watoto na kuwatia chombo ndani ya sikio, jambo ambalo zamani lilitaka safari ya ng'ambo, nalo lina gharama kubwa. Haya yote nayajua. Lakini nayajua pia maharusi yetu. Nayajua masanduku ya vitenge, na ukumbi, na pilau ya watu mia tano. Ukoo unaoweza kumchangia bibi harusi waweza kumchangia mtoto kiziwi. Na zaidi ya hayo, mwanzo wa kazi hii hauna bei. Kumsemesha mtoto uso kwa uso penye mwanga, usigeuke, usiseme ukiwa chumba cha pili. Kumwonyesha kitu na kumpa jina lake, kwa mdomo na kwa mkono, kila mara kwa namna moja. Kumgusa begani kabla ya kumsemesha. Kumhadithia kwa picha. Kumkalisha sofrani pamoja na wote, na kumweleza wanacheka nini. Hayo yanunuliwa duka gani?

KINGA

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa utotoni watokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Katika hayo muna surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, na rubela impatayo mama mwenye mimba. Chanjo ya surua na rubela Tanzania iliianza mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Basi anayemzuia mtoto wake na chanjo kwa uvumi wa barazani, ajue anachokichezea.

Muna pia manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa, na mtoto aliyechelewa kuvuta pumzi alipozaliwa. Ukiwa mwanao alipitia haya, mwambie daktari ampime masikio. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe upesi sana akipona, kwani sikio la ndani laweza kugeuka mfupa, na hapo hata upasuaji ukawa mgumu. Ziko na sindano, kama jentamaisini, ambazo huokoa roho lakini zaweza kudhuru sikio. Mwachie daktari kuamua, usizinunue mwenyewe dukani.

Na sikio litokalo usaha! Hili tumelizoea hata tukaliona ni sehemu ya utoto. "Atapona akikua." Usaha ukidumu wiki mbili ni maradhi ya kudumu, na hula usikivu kidogo kidogo. Mpeleke hospitali, sikio liwe kavu, na baharini asiingie mpaka aruhusiwe.

KWENU MASHEKHE NA WALIMU WA VYUO

Yule mtoto wa chuoni kwangu alipelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka 8. Shule hizo zipo. Ya Buguruni, Dar es Salaam, iko tangu 1974, na Mombasa iko ya Ziwani. Kenya vipo na vituo vya serikali vya kuwapima watoto, vilivyoanza mwaka 1984. Alijifunza lugha ya ishara, akajua jina lake. Leo ni mtu mzima, fundi seremala, ana mke na watoto wanaosikia. Lakini kusoma kwamsumbua mpaka leo, na maneno ya mambo yasiyoonekana kwa macho humchelewea. Miaka ile 7 haikurudi.

Nilimwendea kumtaka radhi, binti yake akawa ndiye mfasiri wetu. Akasema bakora amenisamehe. Kisha akaniuliza swali, na yule binti akalifasiri akitazama chini: "Baba asema, kila Ijumaa hukaa msikitini akamtazama khatibu akisema. Watu wengine hulia. Ataka kujua husema nini."

Sikuwa na jawabu. Je, nyinyi mnalo?

Mafakihi wetu waliandika zamani kwamba ishara ya bubu ifahamikayo yasimama mahali pa tamko. Kwayo huoa, kwayo huuza na kununua. Kur'ani imetueleza kwamba Nabii Zakaria (A.S.) alikaa siku tatu akisema na watu kwa ishara, na kwamba Bibi Maryam alipoulizwa juu ya mwanawe hakutamka, bali aliashiria. Sharia imeipokea mikono ya kiziwi miaka elfu na zaidi. Ni misikiti yetu isiyoipokea. Ni msikiti upi wa mtaani kwako wenye mtu wa kufasiri khutba kwa ishara? Ni chuo kipi kinachompokea mtoto kiziwi kikamfundisha? Twasema hana taklifa. Je, tumehakikisha kwamba hana, au sisi ndio tuliomnyima njia ya kuifikia? Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Huyu kiziwi ataweza kusema siku hiyo, na atasema.

Basi nawaomba mambo matatu yasiyo makubwa. Kwanza, mkiitwa kuadhinia mtoto, waambieni wazazi palepale wampime masikio kabla mwezi haujesha. Neno lenu lasikilizwa kuliko bango la hospitali. Pili, kila msikiti mkubwa umpeleke kijana mmoja akajifunze lugha ya ishara kwa viziwi wenyewe, na asimame mbele siku ya Ijumaa. Tatu, katika sadaka zetu litengwe fungu la vifaa vya masikio na betri zake kwa watoto wa maskini.

Na wewe baba, na wewe mama, uliyefika hapa: kesho asubuhi simama nyuma ya mtoto wako, asikuone wala asihisi kivuli chako, umwite kwa sauti ya kawaida. Uite mara ya pili na ya tatu. Asipogeuka, usimpige, wala usilie, wala usingoje Ramadhani ipite. Mpeleke. Na hata akigeuka, nawe moyoni una shaka, mpeleke vilevile, kwani wengine husikia nusu, na jaribio la nyumbani si kipimo. Na wewe mume, mkeo akikwambia, "Mtoto hasikii," usimwambie anyamaze. Yeye ndiye aliyekaa naye.

Ulimwadhinia mwanao ukitaka neno la Mwenyezi Mungu liwe la kwanza kumfikia. Kama mlango wa sikio umefungwa, upo mlango wa jicho na mlango wa mkono, na wakati ungalipo. Mfikishie kwa huo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zake. Amin.

Wabillahi taufiki.